Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Makasha Yaliyokamilika

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita ulinipa agizo moja: kabla ya kuanza miradi mipya, tumalize makasha ya spika yaliyolala karakana bila rangi, mengine bila hata ubao wa nyuma. Agizo hilo ndilo lililotutawala mwaka mzima, na taarifa yangu itakaa zaidi hapo. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi naongeza tu kwamba ada zenu zimenunua vifaa vya pamoja, yaani jiriwa ndefu, ruta (mashine ya kuchonga kingo na mifereji ya mbao) na mashine ya kufyonza vumbi, na vyote vimeandikwa katika daftari la kuazima.

Kamati iliweka kanuni kwamba kasha lisipakwe rangi kabla ya kupimwa. Baadhi yenu mliiona kali. Naitetea bado. Kasha si sanduku la kuficha waya, ni sehemu ya spika yenyewe. Koni ya spika inaposukuma hewa mbele, nyuma inaivuta, na mawimbi hayo mawili yakikutana besi hupotea. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kasha ni kuyatenganisha, na mwanya usioonekana kwa macho unatosha kuiharibu kazi hiyo. Kwa makasha yaliyofungwa kabisa tulitumia kipimo cha vidole: sukuma koni ya wufa (spika ya sauti nzito) taratibu, ishikilie kidogo, kisha iachie. Ikirudi polepole, viungo vimeshika. Ikirudi papo hapo, kuna mahali panapovuja, na mara nyingi ni kwenye kibao cha vituo vya waya au chini ya ukingo wa wufa ambako ukanda wa sponji haukuwekwa. Makasha yenye bomba la besi (mrija unaopitisha hewa kutoka ndani ya kasha) tuliyapigia sauti nzito ya mfululizo na kupitisha mkono uliolowa kwenye kila kiungo.

Suala la ujazo lilitupa kazi kubwa kuliko nilivyotarajia. Chukueni kasha lenye nafasi ya ndani ya sentimita 20 kwa 30 kwa 40: hizo ni lita 24. Likitengenezwa kwa ubao wa milimita 18, vipimo vya nje ni 23.6 kwa 33.6 kwa 43.6, na anayekokotoa kwa vipimo hivyo atadhani ana zaidi ya lita 34. Hapo hatujatoa nafasi inayoliwa na sumaku ya wufa, bomba na mihimili ya ndani. Tangu mhandisi Neville Thiele achapishe hesabu zake za makasha ya spika huko Australia mwaka 1961, na Richard Small kuziendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970, hakuna sababu ya kukisia. Vipimo vya wufa vipo kwenye karatasi yake, nazo programu za kukokotoa zipo za bure. Walio na bomba wakumbuke kwamba bomba likirefushwa, masafa ya mlio wake yanashuka. Kata refu kwanza, upunguze baadaye.

Sasa rangi, ambayo ndiyo iliyoleta maswali mengi. Uso wa MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi, ni mgumu kwa sababu umeshindiliwa, lakini kiini chake ni legelege, kwa hiyo kingo zilizokatwa hunywa rangi kama kitambaa. Kuongeza rangi juu ya rangi hakusaidii. Ziba kwanza: paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, au praima nzito, iache ikauke kabisa, piga msasa namba 180, rudia, malizia na 240. Kati ya mkono mmoja wa rangi na mwingine tumieni msasa laini zaidi, 320 au 400, na ufuteni unga wote.

Kuna tatizo jingine linalojitokeza baada ya miezi, wakati mwenye kasha ameshalipeleka nyumbani: mstari mwembamba unatokea juu ya rangi pale mbao mbili zilipokutana. Ubao hupanuka na kusinyaa kwa unyevu, na kwa unene hupanuka zaidi kuliko kwa urefu, ndiyo maana kiungo hujichora hata chini ya rangi nzuri. Njia ninazoziamini ni kuliacha kasha likae wiki kadhaa baada ya gundi kabla ya kulisawazisha, kulifunika kwa vinia (utando mwembamba wa mbao), au kuchonga mfereji mdogo kwenye kiungo ili mstari uwe sehemu ya umbo. Mwanachama mmoja aliichagua hii ya tatu, na kwa maoni yangu kasha lake ndilo zuri kuliko yote mwaka huu.

Kona za mbele tulizikata mviringo kwa ruta. Mtafiti wa sauti Harry Olson alikwisha kuonyesha mwaka 1951 kwamba kingo kali huvuruga sauti, na kwamba tufe hutoa sauti tulivu kuliko mchemraba. Tufe ni gumu kwa seremala. Kona ya mviringo kila mtu anaiweza.

Kuhusu vumbi sitakuwa na subira mwakani. Vumbi la mbao limethibitishwa kusababisha saratani, na la MDF ni laini sana na lina gundi yenye formaldehaidi, kemikali ya sumu. Asiye na barakoa hatawasha msumeno wala ruta karakanani.

Mbele yenu kuna hoja mbili za kupigiwa kura: kununua maikrofoni ya kupimia sauti, na kutenga chumba kidogo cha kupaka rangi mbali na msumeno. Kamati inaunga mkono zote. Fedha zikitosha kwa moja tu, naomba kianze chumba, kwa sababu vumbi linalotua kwenye rangi mbichi limewalazimisha wengi wenu kuanza upya.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti