Kwa walimu wa mtandaoni: nilivyofundisha ukuta nusu saa

Walimu wanangu,

Marahaba, kabla hamjaniamkia.

Juzi binti wa dada yangu, naye mwalimu, alikuja kwangu Likoni amekunja uso. Watoto 30 huingia darasani kwa simu, lakini akiuliza swali hasikii hata kikohozi. "Mama mkubwa, hawa hawataki kusoma." Nikamwambia keti, nikusimulie yangu.

Shule zilipofungwa Machi 2020 nilikuwa nafundisha hesabu darasa la saba, miaka miwili kabla ya kustaafu. Nikawekewa Zoom, nikajifunga leso yangu nzuri, nikafunga mlango mbuzi wa jirani asiingie, nikasomesha kipindi kizima cha dakika 35. Mwisho nikaona mtoto ameandika: "Mwalimu, umeganda tangu dakika ya tano." Nusu saa nzima nimeufundisha ukuta! Lakini mtandao kukatika si ajabu kwetu. Kilichoniuma ni kwamba nisingejua, maana muda wote huo sikuwa nimemuuliza mtu hata neno moja.

Nilikuwa nimegeuka redio. Na redio watoto walikuwa nayo tayari: KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya, walikuwa wakitoa masomo kupitia redio ya taifa, KBC, tena bure. Hawakuhitaji ya pili inayokula bando la mama.

Darasani macho ya watoto hukuambia nani amepotea. Kwenye simu macho hayo huna, basi kila dakika tano au sita wape jambo la kufanya ambalo utaliona: waandike jibu, wapige picha ya daftari, wachague kati ya A na B. Ukiuliza, hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kusema tena. Sauti huchelewa njiani, na mtoto naye anatafuta kitufe cha maikrofoni. Sisi walimu kimya hutuchoma, tukajijibu wenyewe, kisha twalalamika hawajibu.

Kamera msiwalazimishe. Inamaliza bando, na yuko mtoto anayesomea chumba kile kile ambamo baba yake amelala baada ya zamu ya usiku. Na ambaye simu hufika nyumbani jioni, mama akitoka kazini, mwekeeni kazi ile ile WhatsApp na maelezo mafupi ya sauti. Akileta jibu saa tatu usiku, lipokeeni kama la mwenye kuwahi.

Nilipojirekebisha, somo la duara sikulianza kwa maelezo. Niliwaambia: nendeni jikoni, leteni kifuniko cha sufuria na uzi. Zungusha uzi ukingoni, upime kwa rula. Kisha pima kifuniko kutoka ukingo hadi ukingo, ukipita katikati. Gawa ya kwanza kwa ya pili, niandikie. Watoto ambao wiki nzima walikuwa kimya wakaanza kumimina: 3.1, 3.2, 3.0, 3.1. Mmoja akauliza mbona sufuria yao kubwa imetoa sawa na ya mwenzake ndogo. Hilo ndilo swali nililokuwa nikilingoja, na limetoka kwake, si kwangu.

Halafu mtoto mmoja akaleta 6.3. Zamani ningemwambia umekosa, rudia. Siku hiyo nikamuuliza, ulipima kuanzia wapi? "Kwenye kishikio, mwalimu." Kabla sijafungua mdomo, wenzake watatu wakaandika kwamba kishikio kiko katikati, amepima nusu! Akaanza kupima upya, maikrofoni ikiwa wazi, sote tukimsikiliza, na nyuma yake mama mtu akauliza kifuniko kitarudi lini, wali unakauka.