Risala ya familia za wagonjwa wa akili wa Katuba kwa Mama Jaji

Mama Jaji, mgeni wetu wa heshima,
Viongozi wa komini, wachungaji, wauguzi, wazazi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kufika kwetu Katuba. Sisi ni familia zenye wagonjwa wa akili hapa Lubumbashi. Tunakutana kila Jumapili baada ya ibada, tunachangiana pesa ya dawa, tunafarijiana.

Mimi ninayesoma nina mdogo wangu, ameketi pale karibu na mlango, naye amenikubalia nisimulie habari yake. Ugonjwa ulipompanda tulimpeleka kwenye chumba cha maombi. Akafungwa mnyororo mguuni, chini ya mwembe, wiki sita. Tukimpelekea chakula, bukari na sombe, tulimkuta amekaa pale mnyororo unapokoma, kivuli kimemwacha. Mpaka leo kovu limezunguka kifundo chake na viatu vya kamba havai. Hatukumchukia, Mama. Tulidhani ndiyo matunzo. Wala hatuwashitaki wachungaji; walitupokea wakati dawa zilitushinda bei.

Aliporudi, parseli, yaani kiwanja, ya marehemu baba ilikuwa imeuzwa. Alipouliza, wakubwa wa ukoo walimjibu: «Wewe ni mwenye kichaa, saini yako ya nini?» Hakuna jaji aliyewahi kutamka hivyo. Sheria ya familia inasema mtu mzima hanyang'anywi uwezo wake mpaka mahakama iamue, na sisi tulimnyang'anya sebuleni, kwa chai.

Katiba ya nchi yetu Kongo ya 2006, kifungu cha 17, inasema uhuru ndio kanuni, kufungwa ni kwa nadra. Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, wa akili pia, unaokataza ulemavu kuwa sababu ya kumnyima mtu uhuru. Tarehe 3 Mei 2022 tukapata sheria yetu wenyewe ya kuwalinda. Wengine husema: lakini tunamlisha, tunamwogesha. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikutana na hoja hiyo mwaka 2014, ikaamua kwamba anayesimamiwa muda wote na asiyeruhusiwa kuondoka amenyimwa uhuru, hata akitunzwa vizuri, hata asipolalamika.

Akina mama mnakumbuka: kabla ya 2016 mke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mume ili afanye mkataba. Sheria ikabadilika, na leo binti zetu hawalijui jambo hilo. Na hili la wagonjwa wetu linaweza kubadilika vilevile.

Tunakuomba, Mama, mambo matatu. Watu wa mahakama waje mitaani watueleze, kwa Kiswahili, njia ya kumwombea mgonjwa msimamizi. Mgonjwa asikilizwe yeye mwenyewe kabla ya kuamuliwa. Na vyumba vya maombi vitembelewe, mchana, bila kutanguliza taarifa.

Mdogo wangu ameomba akupe mkono. Karatasi za parseli anazo mfukoni.