Sokol si habari ya medali

Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita kuhusu mazoezi ya viungo Ulaya Mashariki ilihesabu medali, ikaishia hapo. Chama cha Sokol kilipata mstari mmoja, kana kwamba ni klabu ya michezo tu. Nimefundisha michezo shuleni hadi nikastaafu, na mstari ule umeniuma.

Sokol maana yake ni kozi, yule ndege wa kuwinda. Chama kilianzishwa Prague mwaka 1862 na Miroslav Tyrš na Jindřich Fügner, wakati Wacheki wakiwa chini ya Austria. Fügner, mfanyabiashara, alitoa fedha zake ukajengwa ukumbi wa mazoezi, na ndiye aliyetaka wanachama waitane ndugu, awe tajiri au kibarua. (Sisi tuliokulia enzi za Ujamaa tunajua uzito wa neno hilo.) Tyrš naye aliketi akatunga istilahi za Kicheki za mazoezi, ili mtoto aamrishwe kuruka kwa lugha ya mama yake. Jambo hilo peke yake lilistahili aya nzima katika gazeti la Kiswahili!

Wanawake wa Prague walianzisha chama chao 1869. Waslovenia, Wapoland na Wakroatia waliiga, na wahamiaji wa Kicheki walikuwa na Sokol yao St. Louis, Marekani, tangu 1865. Ukumbi wa chama, sokolovna, ulikuwa wa kila mtu: leo mazoezi, kesho mhadhara, keshokutwa watoto wanatazama maigizo ya vikaragosi.

Waliokiogopa chama hiki walikielewa kuliko mwandishi wenu. Austria ilikivunja 1915. Wanazi, Oktoba 1941, walikamata viongozi wake wapatao 1,500 katika msako mmoja, wakawapeleka kwenye kambi za mateso, na wengi hawakurudi. Mwaka 1948, kwenye tamasha lao kuu, wanachama waliandamana wakimshangilia Beneš, rais wa Chekoslovakia aliyekuwa amejiuzulu punde. Wakomunisti, waliokuwa wameshatwaa madaraka, wakawafukuza viongozi na kukimeza chama. Kilifufuliwa 1990.

Siku hizi tarehe 8 Oktoba ni siku ya kuwakumbuka wanachama hao katika Jamhuri ya Cheki. Naomba ikifika mchapishe makala nyingine, na safari hii mwandishi aanzie ukumbini.

Mwalimu mstaafu,
Tanga