Dozi ndogo ya naltreksoni, tusidanganyane

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Watu wenye maumivu sugu na magonjwa ya kinga wanaambiana sana siku hizi kuhusu naltreksoni ya dozi ndogo, na wengi wanaijua nusunusu tu. Hii dawa Marekani waliiruhusu 1984 kwa ajili ya watu wanaoacha heroini, kidonge cha miligramu 50, lakini ile ya maumivu ni kati ya 1.5 na 4.5 hivi, na kwa kuwa kidonge kidogo namna hiyo kwa kawaida hakitoki kiwandani, mfamasia ndo anaichanganya mwenyewe.

Sasa kinachoniuma ni hiki, mtu anatumia dawa kali za maumivu za jamii ya heroini, kama tramadoli au mofini, halafu anasikia habari za hii dawa anaimeza juu yake bila kumwambia daktari! Naltreksoni inazuia hizo dawa zisifanye kazi, na aliyezizoea mwilini anaweza kupata arosto kali, kutapika, kuharisha, jasho, mwili wote unauma.

Na tuseme ukweli, ushahidi bado. Tafiti ndogo za Chuo Kikuu cha Stanford kwa wagonjwa wa fibromayaljia, yaani ugonjwa wa maumivu sugu ya mwili mzima, zilileta matumaini, ila ule wa Denmark uliotoka 2024, wanawake walitumia miligramu 6 kwa wiki 12, maumivu hayakupungua kwa tofauti ya maana kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Madaktari nao jamani, mgonjwa akiwauliza msimkatishe, mwulizeni kwanza anatumia dawa gani.

Msomaji wenu