Hela ya kujikimu usiitume nyumbani

Mwanangu,

Mdogo wako hajui kutunza siri, unamjua. Kaniambia mmekubaliana kwamba hela ya kujikimu ya mkopo wako wa chuo ikiingia tu utakata nusu uilete huku, paa lizibwe. Nimekaa na neno hilo siku tatu. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu utacheka, kisha utasema "nimekusikia mama", na wote wawili tunajua maana yake.

Usitume.

Hela ile huja kwa awamu, na awamu haina adabu. Inaweza kuchelewa, na mwenye chumba hajali imechelewa kwa nani. Wenzako wa nyumba zenye uwezo ikichelewa wanawapigia baba zao. Wewe utampigia nani, mimi? Nusu utakayoniletea mwanzo wa muhula utakuja kuniomba kabla haujafika katikati, na mimi nitakuwa nimeshaipigilia misumari huko juu.

Una moyo, na nafurahi unao. Lakini una tabia ya kubeba ambayo hujatwishwa, tena bila kuuliza. Sikukulea uwe mchoyo, na sikukulea uwe baba wa nyumba hii.

Tazama kaka yako. Unajua aliahirisha masomo mwaka wa pili, na unajua tulivyowaambia watu, kwamba kozi ilimshinda. Haikumshinda. Matokeo yake ya mwaka wa kwanza ninayo, yako kwenye mfuko wa nailoni chini ya vitambaa. Ulikuwa uwe mwaka mmoja tu: apate kibarua, nyumba isimame, arudi. Kuna mtu alimpigia simu usiku akamweleza hali ya hapa, na mtu huyo angeweza kungoja mitihani iishe. Simu ya nyumba hii wakati ule ilikuwa moja.

Sasa kila mwisho wa mwezi anakatwa mshahara kulipia shahada asiyokuwa nayo. Mkopo hauulizi kama ulimaliza. Wenzake waliomaliza wanalipa kwa mshahara wa waliomaliza. Yeye analipa kwa mshahara wa aliyeishia sekondari. Na hajawahi kunirushia neno. Angenirushia ningelala vizuri zaidi.

Mwalimu wako wa hesabu alikuja kupunguza suruali. Nikamweleza, naye akanisomea kwenye simu yake habari za utafiti wa Marekani wa mwaka 2017, wa Raj Chetty na wenzake, waliofuatilia wanafunzi zaidi ya milioni 30. Kulikuwa na vyuo 38 vyenye watoto wengi kutoka ile asilimia 1 ya matajiri wa juu kuliko kutoka asilimia 60 ya chini yote kwa pamoja. Hilo sikulishangaa hata kidogo. Nililolishangaa ni kwamba waliosoma chuo kimoja, wa nyumba maskini na wa nyumba tajiri, kipato chao baadaye kilikaribiana sana. Nikamwambia arudie. Suruali yenyewe nikaikata fupi kuliko alivyotaka.

Alinionya kwamba hesabu hizo ni za Marekani, nisizibebe zilivyo. Sawa. Mimi nimebeba hili tu: mlango ndio umebana, na wewe umeshaupita. Halafu unataka kurudi nyuma kwa ajili ya bati?

Ile fomu ya mkopo, uliponiona nimekaa nayo mpaka siku ya mwisho, ulidhani nimesahau. Sikusahau. Kilikuwepo kile kisanduku cha kipato cha mzazi, na kila nikishika kalamu naikumbuka siku ya kwanza niliyovaa nguo ya kuazima. Karibu nikufungie dirisha la maombi kwa aibu yangu mwenyewe. Ulinigombeza, na ulikuwa na haki, ingawa sauti yako ilipanda mno na sijaisahau. Mwakani niletee mapema, nitajaza.

Ukikatiwa kitu, usinyamaze. Uliza rufaa inafungwa lini, uende ofisini mwenyewe, na karatasi zako mkononi, nakala ubaki nayo. Na mhadhiri ukishindwa kumwelewa mfuate ofisini kwake. Wenzako wamekua wakijua mkubwa anaulizwa. Hapa kwetu mliambiwa mkubwa haulizwi. Tuliwaambia hivyo kwa sababu tulichoka, si kwa sababu ni kweli.

Kula. Usijifanye umeshiba ili ubakize cha kutuma, ujanja huo mimi ndiye niliyeuanza nyumba hii na nautambua kwa mbali, hata kwenye sauti.

Habari za hapa: kaka yako alipanda Jumapili akaegemeza kipande cha bati la zamani. Matone yamehamia upande wa mlango, ndoo inatosha, asubuhi naimwagia bustani. Cherehani nimeihamishia kwenye kona ya kitanda chako, huko hakuvuji. Mdogo wako amelalamika, kisha akakichukua kitanda, kwa hiyo likizo mtabanana.

Zipu ya begi nimeibadilisha. Ikifika kwenye kona ivute taratibu, pale kitambaa nimekiongeza na ni kinene.

Nimesema usitume.

Mama yako