Barua kwa Rukia: mikeka ya Bi Asha

Wete, Pemba

Kwako mpendwa shoga yangu Rukia,

Salamu nyingi zikufikie huko Dar es Salaam pamoja na watoto na baba yao. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, ila Mwalimu Faki bado anasumbuliwa na mguu na hataki kusikia habari ya hospitali, kama umjuavyo. Barua yako niliipata zamani na najua umeshanuna. Ombi lako ndilo lililonichelewesha, kwa kuwa kila nilipokaa kulijibu niliona jibu la jana halinitoshi tena.

Unataka nimshawishi Bi Asha aitoe mikeka yake mitatu ya rangi ili itundikwe ukutani kwenye maonyesho yenu, kila mmoja ndani ya kioo na taa yake, na unasema hiyo ni heshima ambayo wasukaji wetu hawajawahi kupewa. Nilishindwa kukubali, nikashindwa kukataa, mwisho nikamfukua yule John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani tuliyemkariri chuoni kwa ajili ya mtihani. Mwaka 1931, akiwa ameshavuka miaka sabini, alitoa mihadhara Chuo Kikuu cha Harvard juu ya sanaa, na mwaka 1934 mihadhara hiyo ikatoka kuwa kitabu. Mwanzoni tu mwa kitabu hicho anataja vyombo vya nyumbani, mitungi, mikuki na, amini usiamini, mikeka. Anasema vitu hivi, ambavyo leo tunavisaka tuviweke makumbusho, vilitengenezwa kwa uangalifu na furaha na watu waliovitumia, na kazi yake ilikuwa kuyapamba maisha yao ya kila siku. Kwake yeye, sanaa haimo katika kitu peke yake, bali katika yale yanayompata mtu anapokitengeneza na anapokitumia. Tukikitenga na maisha hayo, uzuri unakuwa wa wachache na wa siku maalumu, na siku nyingine zote tunaziacha zikauke kana kwamba ndivyo zilivyoumbwa.

Nilikwenda kwa Bi Asha alasiri moja kumweleza habari yako, nikamkuta barazani na ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, mapajani, kindu za rangi zikiwa zimelowekwa maji kidogo zisikatike. Alikuwa ameshasuka kama pima moja. Akaunyoosha, akautazama, akasema nyekundu imeisogelea mno nyeusi, akafumua kiasi cha shubiri mbili na kuanza upya. Hakuna aliyemwagiza, na sidhani kama kuna mtu mwingine ambaye angeliona kosa hilo. Dewey anamsifu fundi wa mashine anayependa vifaa vyake na kuridhika na kazi njema ya mikono yake, akisema huyo naye yumo katika sanaa, na mimi nikajiambia kwamba Bi Asha hahitaji kioo chenu ili awe msanii.

Lakini jambo linalonikera zaidi si kioo. Kuna mnunuzi mmoja hapa mjini anayewapa wasichana picha kwenye simu: rangi ni zile zile, upana ni ule ule, na malipo ni kwa kila ukili. Mikeka yao ni mizuri, siwezi kusema uongo, na pesa wanayoipata inanunua mchele na madaftari. Ila hakuna anayefumua hata inchi moja, kwa sababu kufumua ni kujikata mshahara, na hakuna anayeujua mwisho wa mkeka wake wala aliyeulizwa angependa uweje. Dewey aliliona hili katika viwanda vya kwao: kazi haikaushi moyo kwa kuwa ni ya mikono, bali kwa kuwa anayeifanya hana sauti katika lengo lake wala faida yake. Mtazame Khamis na mafaili yake. Hanyanyui kitu kizito, lakini saa sita mchana ameshachoka kuliko mchukuzi wa bandarini. Na sisi walimu, tunaposomesha mada tusizozichagua kwa ajili ya mtihani tusioutunga... basi, hayo tuyaache.

Usidhani mzee Dewey alizichukia kuta. Aliwasema matajiri wanaokusanya sanaa ili wajionyeshe, kisha kitabu chenyewe akamtunuku Albert Barnes, tajiri wa dawa aliyekusanya picha za mchoraji Renoir pekee zaidi ya 150! Nilicheka peke yangu. Hata hivyo Barnes huyo, katika jumba lake la Merion karibu na Philadelphia, alitundika bawaba, funguo na makufuli ya chuma ukuta mmoja na picha za mchoraji Cézanne, na bawaba hizo ndizo zilizonipa la kukujibu.

Nitamwomba Bi Asha mikeka miwili tu. Ule mkubwa usiuhesabu, maana kila penye hitima mtaani huja kuazimwa. Mmoja utundikeni bila kioo, na wa pili mtandike sakafuni, watu wavue viatu na kukaa. Yeye mwenyewe aalikwe kama mgeni, asiwekwe pembeni asuke mbele ya watu kama kivutio.

Je, kamati yenu itakubali viatu vivuliwe? Nauli yake ya boti atalipa nani? Kwenye kibandiko mtaandika jina lake kamili, au "msukaji wa Pemba"? Mikeka ikirudi na doa, nani atakayemtazama usoni? Na ule aliokupa siku ya harusi yako umeutandika wapi, au bado uko juu ya kabati ndani ya mfuko wa nailoni? Nijibu kabla ya Ijumaa, kwani siku hiyo nitakwenda tena kwake.

Wako akupendaye,
Zuhura