Wakulima wa kahawa, tuinywe na sisi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wakulima wenzangu wa kahawa, hasa wa Kilimanjaro.

Nimezaliwa Kibosho, kwenye kihamba, shamba la nyumbani la migomba na mibuni. Kahawa ndiyo iliyonilipia ada tangu darasa la kwanza. Tuliichuma, tukaimenya kwa mashine ya mkono, tukailoweka, tukaiosha na kuianika, kisha ikapelekwa chamani. Nyumbani tulikunywa chai. Kahawa ya kunywa, iliyokaangwa na kutwangwa mbele ya macho yangu, nimekuja kuikuta Addis Ababa, ninakoishi na familia kwa sababu ya kazi ya mume wangu.

Vyakula vya hapa havikunisumbua. Injera ni mkate mpana, laini, wa unga wa tefu uliochachushwa, na mchuzi humwagwa juu yake. Mnazunguka sinia moja, mnakula kwa mkono wa kulia. Mwenyeji akikupenda anakukunjia tonge na kukutia mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, nawe unapokea. Jumatano na Ijumaa waumini wa Kanisa la Orthodox hawagusi nyama, maziwa wala mayai, basi siku hizo ni shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu, ambao wanangu sasa wanaudai hata Jumapili. Na saa zao wanazihesabu kama sisi: jirani akikwambia njoo saa nne, ni saa nne yetu ya asubuhi.

Lakini nilitaka kusema habari za kahawa. Mama wa nyumba ya jirani hutandaza majani mabichi sakafuni, anawasha jiko la mkaa na kutia ubani. Buni mbichi anaziosha, anazikaanga taratibu kwenye kikaango cha chuma mpaka zing'ae mafuta. Halafu anakipitisha kile kikaango kwa kila aliyekaa, tuuvute moshi kwa mkono na kuunusa. Ndipo zinatwangwa kwenye kinu na kuchemshwa ndani ya jebena, birika ya udongo yenye shingo ndefu. Tunanywea vikombe vidogo visivyo na shikio, na bisi pembeni. Mkupuo wa kwanza unaitwa abol, wa pili tona, wa tatu baraka, na si adabu kuondoka kabla ya huo wa tatu. Katikati ya vikombe hivyo nimesikia ugomvi wa mume na mke ukisuluhishwa na mchango wa msiba ukipangwa.

Wapo watakaosema kahawa ni fedha, mkulima hawezi kujinywea fedha. Nawajibu kwamba konzi moja au mbili za buni zinawatosha watu wote waliokaa pale, kwa kuwa kahawa ile ile huchemshwa mara tatu. Ethiopia ni nchi ya wakulima wadogo kama sisi, inahitaji fedha za kigeni kama sisi, na bado karibu nusu ya kahawa yake inanywewa humo humo nchini. Sisi tunauza nje zaidi ya asilimia 90.

Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Jirani yangu akinusa ule moshi anakwambia hii ni ya Harar, hii ya Sidama, na hii ilikaushwa vibaya. Baba yangu alilima kahawa maisha yake yote, na aliyemwambia kama ni nzuri au mbaya alikuwa muonjaji wa mnadani Moshi, mtu asiyemjua. Akiambiwa daraja limeshuka, alikubali tu. Angejuaje kwamba ililowekwa kupita kiasi, wakati hajawahi kuionja? Kahawa imelimwa Kilimanjaro tangu wamisionari Wakatoliki walipoipanda Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na KNCU, ushirika wetu, ulianza mwaka 1933. Muda wote huo ulimi wa mkulima haujaulizwa kitu.

Watu wa Pwani watanikumbusha vijiwe vyao vya kahawa chungu na kashata, na wana haki. Wahaya nao walimkaribisha mgeni kwa buni zilizochemshwa, za kutafuna, kabla Mzungu hajafika Kagera. Kwa hiyo nchini mwetu desturi ipo. Ni vihambani kwetu ambako wazee wana mbege yao, pombe ya ndizi, na kahawa haijapewa kiti.

Ombi langu kwa viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika: kila msimu tengeni kiasi, kikaangwe na kusagwa, kiuzwe hapo hapo kijijini kwa pakiti ndogo na kwa bei ambayo mama wa kijijini anaimudu. Na kwa ndugu zangu mtakaorudi nyumbani Kilimanjaro mwezi Desemba, wakati kahawa nyingi imeshachumwa: ombeni wazazi wawawekee kibaba kimoja. Toeni ganda kwa kinu, kaangeni kwa moto mdogo huku mkikoroga bila kuacha, muwaite majirani wa pande zote mbili za kihamba, na wa kwanza kupewa kikombe awe yule aliyeilima. Jebena si lazima. Sufuria ndogo na chujio la chai vinatosha.

Mama wa Kibosho,
Addis Ababa, Ethiopia